Pikapu Yangu na Mlima wa Mai Mahiu

Wasomaji wanaofikiri kununua gari la kuchukulia mazao watanisamehe nikiwaeleza habari yenye aibu kidogo. Mwezi wa Juni mwaka 2018 nilinunua pikapu ya dizeli, si mpya ya kiwandani bali mpya kwangu mimi, kwa bwana mmoja wa Nakuru aliyekuwa ameitumia miaka minne. Nusu ya fedha ilitoka katika akiba ya viazi, na nusu ni mkopo wa chama cha ushirika, ambao marejesho yake hayangoji gari lipone. Niliikagua kadiri ya akili yangu: nikatazama oili, nikasikiliza injini, nikaiendesha mjini kitambo. Sikuona kasoro.

Wiki ya pili nilipakia magunia 16 ya viazi, kila moja kilo 50, nikaondoka Narok saa tisa za usiku kwenda soko la Wakulima, Nairobi. Nilipokaribia Suswa nguvu zikaanza kupungua. Nikakanyaga mafuta, gari likatetemeka kama mtu mwenye homa, kisha likazimika. Nikafanya yote afanyayo mtu asiyejua: nikafungua boneti, nikatikisa nyaya, nikailaumu betri, ambayo haikuwa na kosa, kwani starta ilikuwa ikizungusha injini barabara. Baada ya nusu saa nikajaribu tena, injini ikawaka mara moja kana kwamba hatukugombana.

Fundi wa kwanza alibadili chujio la dizeli, akamwaga maji yaliyokusanyika chini yake, akabonyeza ile pampu ndogo ya mkono mpaka hewa ikaisha katika mabomba. Simlaumu, maana katika injini ya dizeli maji na hewa ndivyo vya kushukiwa kwanza. Lakini safari iliyofuata gari lilizimika tena. Fundi wa pili hakuuliza neno. Alisikiliza dakika moja, akasema, "Mzee, hii ni pampu kubwa, ile inayopeleka dizeli kwenye nozeli. Tafuta shilingi 80,000."

Nilipomweleza mke wangu alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Baba watoto, ng'ombe yule wa maziwa ndiye anayelipa karo. Gari likishamla yeye, litakula nini tena?" Sikuwa na jibu. Tukapatana na mnunuzi aje Jumamosi.

Sharti niseme kwamba nalikuwa karani miaka 11 kabla ya kushika jembe, na desturi ya kuandika haijaniacha. Kila mara gari lilipozimika niliandika katika kidaftari mahali, saa, mzigo na dizeli niliyotia. Niliandika tu bila kusoma, kama tufanyavyo makarani wengi.

Alhamisi nikapeleka mzigo mwingine. Gari likazimika Suswa kama lilivyozoea, na mara ya pili katika mlima wa Mai Mahiu, juu kidogo ya kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitalia mwaka 1942. Injini kuzimika mahali pale si mchezo: breki huwa nzito, na nyuma yako malori yanapanda. Tukaweka mawe nyuma ya magurudumu na pembetatu barabarani. (Mawe yale tuliyaondoa baadaye; wako madereva wanaoyaacha palepale, nao hawajui wanamtegea mtoto wa nani.)

Akasimama dereva wa lori, mtu mzima. Hakufungua boneti. Akauliza, "Huzimika ukianza safari, au likiisha kwenda mbali?"

Nikatoa kidaftari. "Baada ya kilomita 40 au 50 hivi."

"Ukilipumzisha?"

"Huwaka."

"Na ukitia dizeli njiani?"

Nikapekua kurasa. Safari mbili nilizotia dizeli Mai Mahiu, gari lilipanda mpaka Limuru bila neno. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwa mkono wangu mwenyewe.

Mzee yule akaliendea tangi, akazungusha kifuniko. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, kwa nguvu hata kijana mpakizi wangu akaruka nyuma.

Dizeli ikitoka tangini lazima hewa iingie kushika mahali pake. Kifuniko cha gari kama lile hutakiwa kuwa na njia ndogo ya hewa. Chetu kilikuwa kimeziba kabisa kama kizibo cha chupa. Ni kama kopo la maziwa lililotobolewa tundu moja: humimina kidogo, halafu hugoma. Pampu ilivuta, tangi nalo likavuta, mwisho tangi likashinda. Tulipopumzika hewa ilipenya polepole, na nilipotia dizeli ilijiingilia yenyewe.

Tukakilegeza kifuniko, tukafika Nairobi. Viazi vilikuwa vimechelewa na bei imeshuka. Nilimpigia simu yule aliyeniuzia. Akakumbuka, tena akicheka, kwamba kifuniko cha kwanza kilipotea alipokuwa akitia mafuta, naye akanunua kingine kando ya njia kilichoingia sawasawa. Nilimshukuru, ingawa si kwa moyo wote. Kifuniko kinachofaa kilinigharimu shilingi 1,200.

Jumamosi mnunuzi wa ng'ombe alikuja kama tulivyoagana, na kamba yake mkononi. Nikamwomba radhi, mke wangu akampa chai yenye maziwa mengi, akaenda zake.