Nilivyotoboa Dhahabu

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi ilipita BESSY II, mtaa wa Adlershof, Berlin, ambako elektroni huzungushwa kwenye bomba lenye mzingo wa mita 240 hadi zitoe eksirei. Wanafizikia walishughulika na hesabu. Mimi nilitoboa.

Sampuli yetu ilikuwa utando mwembamba wa silikoni nitraidi. Upande mmoja ulipakwa tabaka za kobalti na platinamu zilizopishana. Upande wa pili dhahabu, nene kiasi cha kuzuia karibu eksirei zote. Kwa ioni za galiamu nilichimba dirisha la duara, upana wake maikromita moja na nusu hivi, nikitoboa dhahabu tu ili tabaka za sumaku za chini yake zibaki nzima. Pembeni nilitoboa tundu la rejea, la nanometa 100 hivi, likapenya hadi ng'ambo. Tundu likikaa karibu mno na dirisha, picha hupandana. Likiwa pana, picha huingia ukungu, maana hapa hakuna lenzi: ukali wote unategemea udogo wa tundu hilo. Kazi hii niliipenda kuliko zote.

Eksirei za elektronivolti 778, ambazo kobalti huzinyonya kwa pupa, hupita dirishani na tunduni, na mawimbi yake hukutana kwenye kamera iliyo ndani ya ombwe. Kamera huona madoa na miviringo tu. Tulipiga mara mbili, kwanza kwa wimbi linalozunguka kulia, kisha kushoto, tukatoa moja kwenye jingine, na kompyuta ikapiga hesabu ya Fourier. Hapo sumaku ilijitokeza: sehemu zinazoelekea juu nyeupe, zinazoelekea chini nyeusi, zimepindapinda kama njia za mchwa ukutani.

Njia hii ni holografia, ambayo Dennis Gabor aliibuni mwaka 1947 akifikiria darubini ya elektroni. Mwaka 2004 Stefan Eisebitt, Jan Lüning na wenzao walitangaza picha za sumaku za namna hii, zilizopigwa BESSY II. Uzuri wake mkubwa, kwangu, hausifiwi vya kutosha: kwa kuwa dirisha na tundu viko kwenye kipande kimoja na sampuli, mtikisiko wa sakafu hauharibu picha.

Kijana unayetaka kuingia fani hii, usikimbilie kompyuta. Omba kwanza nafasi kwenye chumba cha kutobolea.