Ufuo Usio na Bamvua: Kwa Mtumbwi Kutoka Kabatoro

Mtu aliyekulia Lamu au Pangani, akipelekwa kikazi Kabatoro, huuliza kwanza habari ya maji: yanajaa saa ngapi, na yanapwa saa ngapi? Jibu ni kwamba hayajai wala hayapwi. Ziwa Edward, lenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 2,300, liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na mwezi haulisogezi kiasi cha kuonekana kwa macho. Lakini mgeni asidhani kwamba ufuo huu ni wa kuchezea. Mwenye amri hapa ni upepo, na baada ya upepo ni kiboko.

Tanga ni nadra kuonekana. Mitumbwi ni ya mbao, nayo huendeshwa kwa kasia, au kwa mashine ikiwa mwenyewe ana uwezo. Asiye na mashine huondoka mwaloni alfajiri, kwa kuwa alasiri, jua likisha kuipasha nchi moto, upepo huvuma kutoka ziwani. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na ya haraka. Hayampi mpiga kasia nafasi ya kuvuta pumzi. Kata ya kufulia maji haiwekwi mbali na mkono.

Tulishika kwanza njia ya mashariki, tukiambaa na kingo kuelekea Mweya, mahali ambapo mkondo wa Kazinga huingia ziwani. Mkondo huo haukuchimbwa na mtu. Una urefu wa kilometa 32 hivi, nao huleta maji ya Ziwa George. Hapo ndipo nahodha alipoacha mazungumzo akaanza kugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia. Baharia wa Pwani huogopa mwamba uliofunikwa na maji, lakini mwamba una wema mmoja: hauhami. Kiboko ni mwamba unaohama. Usiku hula majani nchi kavu, asubuhi hurudi majini, na ole wake atakayemkuta njiani.

Hata hivyo wavuvi hawaombi atoweke. Upande wa Kongo, ndani ya Hifadhi ya Virunga, viboko walikuwa zaidi ya 20,000 katika miaka ya 1970. Vita na ujangili viliwapunguza hata mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakabaki mamia tu. Samadi yao huyarutubisha maji, na maji yenye rutuba hulisha ngege. Mvuvi humwogopa kiboko kwa macho na kumtamani kwa tumbo.

Magharibi ni hadithi nyingine. Ufuo wa Uganda una kina kidogo, lakini ng'ambo milima ya Kongo imesimama kama ukuta, na chini yake maji yana kina cha zaidi ya mita 100. Chini ya theluthi moja ya ziwa ni mali ya Uganda. Mpaka ni mstari ulionyoka katika ramani; usiku, nyavu zikisukumwa na upepo, haujulikani. Mvuvi akikamatwa upande usio wake hupoteza mashine, nyavu, na pengine uhuru wake, na nyumbani watoto hulala wakimngoja. Julai 2018 askari wa nchi hizi mbili walifyatuliana risasi humu majini, na watu wakafa. Askari anayesoma haya akiwa zamu katika ziwa lolote anajua ugumu wa kumtambua, gizani, mwizi wa samaki na baba wa watoto aliyepotezwa na upepo.

Huko magharibi, Ishango, Mto Semliki unapotoka ziwani kuelekea Ziwa Albert, mwaka 1950 ulifukuliwa mfupa wenye alama za kuchanjwa, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000. Yalipatikana pia machusa ya mfupa. Uvuvi wa hapa, basi, ni wa kale kuliko majina yote ya ziwa hili: Rwitanzige la wenyeji, Edward alilolitoa Stanley mwaka 1889, na jina la Idi Amin lililobandikwa mwaka 1973 na kubanduka pamoja na serikali yake mwaka 1979.

Na kama mgeni wetu wa Pwani bado anayatamani maji yanayopanda na kushuka, apande kilima kilicho nyuma ya mji. Chini yake, ndani ya shimo la volkano, limelala Ziwa Katwe, ziwa la chumvi lisilo na mto wa kutokea. Kwa ajili ya chumvi hiyo Lugard alijenga ngome hapa mwaka 1891. Kiwanda cha kuisafisha kilichojengwa baadaye hakikudumu. Mabomba yaliliwa na chumvi ile ile, na magofu yake yangali yanaonekana. Hapa kupwa ni kwa kiangazi, na kujaa ni kwa masika. Wenye viwanja vya chumvi hungoja jua liyakaushe maji hadi chumvi igande. Mvua moja kubwa ikitangulia, kazi ya majuma kadhaa huyeyuka. Tulipoteremka jioni, akina mama waliokuwa wamesimama katika maji hadi magotini walikuwa wanatazama kaskazini, yanakozaliwa mawingu ya Ruwenzori, huku wakizidisha mwendo wa mikono.