Stakabadhi za Bibi

Kule kwetu Marangu, Kilimanjaro, kila kitu cha kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kilikuwa na mwenyewe. Migomba ilikuwa ya mama, mibuni ilikuwa ya baba. Mama hukata ndizi, huzipeleka sokoni, na fedha yake ilikuwa ya chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Kahawa huchumwa na mama na watoto, humenywa nao, huoshwa na kuanikwa nao. Ikishakauka, baba huipeleka mizanini na kurudi na stakabadhi mfukoni mwa koti. Huo ndio utaratibu alioukuta Bibi alipoolewa, na hakuna aliyemwuliza kama anaupenda.

Ila Bibi alikuja na kitu ambacho wengi hawakuwa nacho: darasa la nne la misheni. Kabla ya ndoa alikuwa ameshafundisha watoto kusoma katika shule ya kichakani ya Walutheri, zile za kuta za udongo, ambako mshahara wa mwalimu ulikuwa mdogo na wala haukuja kila mwezi. Babu alikuwa mzee wa kanisa na nguzo ya besi kwenye kwaya, lakini tarakimu zilimpiga chenga.

Na kahawa ilitaka tarakimu. KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoundwa mwaka 1933, kililipa kwa awamu: malipo ya kwanza ukishapimiwa, mengine baada ya kahawa kuuzwa. Asiyetunza stakabadhi hakuwa na la kudai. Msimu mmoja malipo ya pili yalikuja pungufu. Babu alipolala, Bibi alizitoa stakabadhi kwenye koti, akajumlisha kwa mwanga wa kibatari, akagundua magunia mawili hayakuingizwa kitabuni. Asubuhi alimweleza mumewe, wakabishana, kisha Babu akaenda kwa karani peke yake na hesabu ikarekebishwa. Kijijini ilisemwa kwamba mzee yule ana macho makali. Bibi aliacha isemwe hivyo. Lakini tangu siku hiyo stakabadhi zilihama kwenye koti, zikakaa kwenye kopo lake la bati pamoja na kitabu cha nyimbo.

Mwalimu Nyerere alipotangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, kijiji kilitafuta wa kufundisha, na Bibi, mama wa watoto wanane, akarudi kwenye ubao. Mimi nilikuwa mshika taa. Wanawake walifika jioni wakiwa wametoka kukata majani ya ng'ombe, wengine na watoto mgongoni. Wazee wa kiume walichelewa makusudi na kukaa nyuma kabisa, ili mpita njia adhani wamekuja kukagua. Bibi hakuanza na a, e, i, o, u. Alimwambia kila mmoja aje na stakabadhi ya kahawa ya nyumbani kwake.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mke ambaye hajawahi kuiona karatasi ile ilibidi amwombe mumewe, na mume naye alitaka kujua ni ya nini. Malalamiko yalifika hadi kwa mchungaji. Bibi alimjibu kwamba yeye anafundisha kujumlisha, na kujumlisha si dhambi. Darasa likaendelea. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: tulikusanyika uani kusikiliza redio, halafu watu wakaenda kuchimba vyoo.

Serikali ilisema kwamba mwaka 1967 thuluthi moja tu ya watu wazima nchini walijua kusoma, na kwamba katikati ya miaka ya 1980 walifika asilimia 90. Hiyo ya pili naiamini nusu. Kilimanjaro misheni zilikuwa zimetangulia kwa miongo mingi, kwa hiyo sitasema Bibi alifanya maajabu. Alifanya mama kadhaa wajue uzito wa kahawa waliyoichuma.

Na hata hilo peke yake lisingeipindua nyumba. Wengi hupenda kusimulia kwamba kusoma ndiko kulikowainua mama zetu. Mimi naona kuanguka kwa kahawa kulichangia zaidi. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na Babu alikaa kama aliyefiwa. Vilirudishwa mwaka 1984, lakini imani ilikuwa imepungua. Kisha mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ukavunjika na bei ikaporomoka. Fedha ya baba ikakauka. Iliyobaki ilikuwa ya ndizi, na ya maziwa ya ng'ombe wa kisasa ambaye Bibi alikuwa ameshamfunga zizini. Ada za wadogo zangu zilitoka kwenye ndoo ya maziwa, na Babu, mtu mwungwana, akaanza kuomba fedha ya nauli.

Kanisani nako mambo yalibadilika. Miaka ya 1990 ilipoleta wachungaji wanawake, tulimwuliza Bibi anaonaje baada ya kumsikia wa kwanza. Alisema mahubiri yalikuwa marefu mno.

Babu alipofariki, ukoo ulikaa kugawa kihamba. Kwa mila, kihamba huenda kwa watoto wa kiume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikuwa imeshabatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi, na Bibi alikuwa na nakala yake, imepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu. Hakuhutubia. Aliuliza nani anaandika muhtasari, na kwa kuwa kila mtu alimtazama mwenzake, akavuta daftari. Kikao kilikwenda mpaka usiku, maneno makali yakasemwa, na baba zangu wadogo wawili waliondoka bila kuaga. Shangazi zangu wawili walipata sehemu zao, mipaka ikapandwa masale.

Bibi alifariki akiwa amepita miaka 90. Muhtasari ule, kwa mwandiko wake wa shule ya misheni na sahihi za wote waliobaki, unatunzwa na mwenyekiti wa ukoo. Anayebisha aende akausome.