Jua la Saa Sita Halimwulizi Mtu Dini Yake



Ndugu wasomaji, familia yetu ya hapa Buyenzi huishi kwa kutunza bustani za watu: hoteli za kando ya ziwa, ofisi za Rohero, nyumba kubwa za Kiriri na Kinindo. Wakati wa mvua kazi ni nyepesi. Mtihani wetu ni kiangazi, Juni mpaka Septemba, ambapo wiki hupita bila tone, nyasi hugeuka rangi ya mkeka, na joto la mchana hapa Bujumbura hupita nyuzi 30. Mwenye bustani hataki habari za jua. Yeye analipa ili kwake kuwe kijani.

Saa zetu za kazi tulizipata katika Ramadhani. Mwezi huu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na tangu 2010 hadi 2014 ulituangukia ndani ya kiangazi; mwaka 2011 funga ilianza mwanzoni mwa Agosti. Vijana wetu Waislamu walikuwa wakifyeka huku wamefunga. Tukapanga kazi ianze kunapopambazuka, ikome saa nne na nusu, watu wapumzike na kuswali, kisha warudi saa kumi kumalizia palipobaki. Wenzao Wakristo walifuata saa hizo hizo ili kazi isigawanyike. Idd ilipofika, mmoja wao akauliza, "Sasa funga imekwisha, sote tunarudishwa juani?" Swali lile lilitugusa. Jua la saa sita halimwulizi mtu dini yake, na mwili wa kibarua ni amana kwa anayemwajiri. Tangu hapo saa za Ramadhani zimekuwa saa zetu za kiangazi chote.

Bustani zenyewe hazikudhurika. Nyasi tunaziacha ndefu, kama vidole vinne, zijifunike mizizi yake. Maji tunatia alfajiri, kabla jua halijayanyonya, mara mbili kwa wiki lakini mengi, ili mizizi iyafuate chini. Ukinyunyiza kidogo kidogo kila siku, mizizi hubaki juu na kukaangika. Penye maua tunatandaza pumba za mpunga wa Imbo. Maji ya bomba yakikatika, miti michanga hupewa kwanza, kwani nyasi hata zikikauka juu, mizizi huwa hai, na mvua zikirudi nazo hurudi.

Gharama ipo, tusidanganyane. Mwaka 2022 petroli ilipoadimika nchini, mashine zetu zililala na mafyekeo yakarudi mikononi. Kufyeka kwa mkono kunachosha na kunachukua muda mrefu, kwa hiyo saa za kivuli hazikutosha. Mteja mmoja mkubwa, ambaye hatutamtaja, alitaka uwanja wake umalizwe saa saba mchana kwa kuwa jioni alikuwa na wageni. Tulimwomba atuachie mpaka saa kumi, tuje na watu maradufu. Alikataa, na mwisho wa mwezi akachukua wengine. Mkataba ule ndio uliokuwa ukilipa ada za watoto. Tuliuza mashine moja na toroli mbili, ada ikalipwa kwa kuchelewa. Mteja yule hajarudi mpaka leo. Vijana wetu tunao, na hakuna aliyewahi kubebwa kutoka bustanini.

Jambo hili si letu peke yetu. Ndugu zetu walioko Oman wanalijua: huko serikali hukataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni mpaka Agosti. Joto letu si la Muscat, lakini anayefyeka hutoa joto la mwili wake juu ya lile la jua, na mwili una mpaka wake.

Kwa hiyo hata wewe mwenye mtunza bustani mmoja nyumbani, mpangie saa za kivuli. Asiyefunga anywe kikombe cha maji kila baada ya dakika 15 au 20, asingoje kiu. Aliyetoka jasho sana mchanganyie lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, mweke kivulini, mlegeze nguo, mpoze kwa maji na upepo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akizirai, huyo ni wa hospitali mara moja, nanyi mwendelee kumpoza njiani. Aliyefunga akihofiwa kudhurika, afungue, atalipa siku nyingine. Dini yetu haikuwekwa kumwangamiza mtu.

Nanyi wanafunzi mnaotafuta vibarua likizo ya kiangazi, ulizeni saa za kazi kabla ya kuuliza ujira. Na sisi waajiri, jioni ikifika tumlipe mtu haki yake kabla hajaondoka, jasho likiwa bado mwilini.