Mishale ya Chaki

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeonekana Mangina, karibu na Beni. Ugonjwa ukaingia mjini Beni, kisha ukafuata barabara hata Butembo, mwendo wa kilometa zaidi ya 50.

Katika shule moja ya Butembo, mwalimu wa mwaka wa tano aliwafundisha watoto habari za ugonjwa huo. Wakajifunza kwa moyo: Ebola hupita kwa damu, kwa matapishi, kwa jasho la mgonjwa, na kwa maiti yake. Wote walisema pamoja bila kukosa. Lakini mwalimu alipouliza, "Basi, utafikaje kwa mtoto ambaye hakumwona mgonjwa?" wakanyamaza.

Kesho yake mwalimu akatwaa chaki. Akachora duara katikati ya ubao, akaandika ndani yake: marehemu. Kando akachora duara la mama aliyemwuguza, na la mjomba aliyeosha maiti. Nyuma ya mjomba akachora mkewe na watoto wake. Kisha akaunganisha duara na duara kwa mishale. Akauliza, "Nani atanionyesha mahali pa kukata?"

Msichana mmoja akaja mbele. Akafuta kwa kidole mshale uliotoka kwa marehemu kwenda kwa mjomba. Na tazama, mke na watoto wakabaki salama. Ugonjwa haukuwa tena na njia ya kuwafikia.

Msichana akasema polepole, "Kwetu hakuna aliyeufuta."

Mwalimu akamjibu, "Mwanangu, hamkujua. Aliyeosha maiti alifanya kwa upendo. Sasa tumejua. Tuwaachie kazi hiyo wazikaji wenye mavazi ya kinga, nasi tumwombee marehemu."

Waganga nao walifuata mishale hiyo. Waliwachanja waliomkaribia mgonjwa, kisha waliowakaribia hao, kama duara nje ya duara. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Mwisho wa ugonjwa ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Watoto, somo likiwa gumu, msikariri tu. Chukueni karatasi. Andikeni: maji yaliyotuama, mbu, mtoto mwenye malaria, chandarua. Wekeni mishale, kisha kila mmoja ajiulize: Nitakata wapi?