Mguu Wangu, Trei za Mayai na Makopo ya Mume Wangu

Ukivunjika mguu ndipo utakapojua una madaktari wangapi kwenye ukoo. Shangazi atakwambia usiguse vitu vichachu, jirani atakwambia bila supu ya makongoro mfupa hauungi, na mfanyakazi mwenzako atakuja na kopo lenye picha ya mtu anakimbia ufukweni. Wote wanakupenda, hilo halina ubishi. Tatizo, mpenzi msomaji, ni kwamba kila ushauri una bei yake, na mlipaji mara nyingi ni yule mliyefunga naye ndoa.

Mimi nilivunjika muundi wa mguu wa kulia mwezi Aprili 2023, bodaboda niliyopanda kutoka kazini ilipoteleza kwenye matope. Nikafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma kirefu ndani ya mfupa, na skrubu juu na chini. Bima ya kazini ililipa chuma na kitanda. Chakula cha miezi iliyofuata bima haikihusu, na hapo ndipo mimi na mwenzangu tulipokutana na mtihani ambao kwenye mafundisho ya ndoa haukuwemo. Tulikuwa tunalipia kiwanja chetu kwa awamu, shilingi 250,000 kila mwezi, na zilikuwa zimebaki awamu saba.

Wiki ya pili baada ya kurudi nyumbani mume wangu aliingia na mfuko mkubwa. Ndani kulikuwa na vidonge vya kolajeni, glukosamini, "dawa ya mimea ya kuunga mifupa" isiyo na maelezo yoyote ya maana, na kopo la unga wa protini. Vyote alivinunua kwa jamaa wa ofisini kwake aliyejiunga na biashara ya mtandao. Jumla shilingi 385,000! Awamu ya kiwanja ya mwezi ule ilikuwa imekwenda na maji.

Wanawake wengi tungeanza kufoka. Lakini nilimwangalia usoni nikaona kitu kingine kabisa. Huyu mwanaume ndiye aliyenikuta barabarani siku ile, ndiye aliyeuona mguu ulivyokaa. Alikuwa anaogopa nitabaki mlemavu, na hakuwa na pa kuupeleka woga wake isipokuwa dukani. Nikamwambia, "Baba, ahsante. Kesho kutwa tuna kliniki. Naomba tubebe huu mfuko tumuulize daktari kwanza, halafu ndo nianze kumeza." Akakubali, ingawa alinuna kidogo.

Kliniki daktari akatupeleka kwa dada wa lishe, binti mdogo tu lakini anayejua kazi yake. Swali lake la kwanza halikuhusu makopo. Aliuliza, "Jana ulikula nini?" Nikamtajia: chai na mkate asubuhi, wali na mchicha mchana, usiku uji. Akatikisa kichwa. Akasema mwili uliotoka kwenye upasuaji unajenga upya ngozi, damu, misuli na mfupa kwa wakati mmoja, kwa hiyo unahitaji protini zaidi ya ile ya siku za kawaida, kama gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wako. Mimi nilikuwa na kilo 62. Akaniandikia gramu 90 kwa siku. (Mwenye ugonjwa wa figo asiifuate hesabu hii bila daktari wake.)

Akaongeza jambo lililonishtua. Mguu usiotumika unapoteza misuli haraka sana, na wiki mbili za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote. Kwa hiyo wale dada zangu wanaosema "nimelala tu, acha nijipunguze kula nisinenepe", jamani, huo si wakati wake. Mlo wa kupunguza uzito utakuta mguu umepona na bado umri unaruhusu.

Gramu 90 zinasikika nyingi, lakini hebu tuhesabu pamoja. Mayai mawili ni gramu 12. Glasi ya maziwa 8, na ya mtindi usiku 8 nyingine. Kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Kipande cha kuku au samaki cha gramu 100 kinakupa kama 25. Dagaa wakavu, gramu 30 tu kabla hujawapika, wana karibu 18. Karanga kiganja kimoja, 7 au 8. Umefika. Siri nyingine ni kugawa: kila mlo uwe na kitu cha protini, badala ya kushinda na chai halafu usiku ukaangukia nusu kuku.

Dagaa walinifurahisha kuliko vyote kwa sababu unawala na mifupa yao, hivyo madini ya kalsiamu yanakuja humo humo. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na glasi moja ya maziwa ina karibu 300. Mchicha mimi nilidhani ndio mfalme. Kumbe una kalsiamu nyingi kweli, ila imeshikwa na asidi ya oksaliki, mwili unapata kidogo sana. Sukuma wiki inatoa vizuri zaidi. Mchicha endelea kula kwa faida zake nyingine, lakini usiuhesabie mifupa.

Basi, mfuko wetu ukafunguliwa mezani. Glukosamini? Hiyo watu huitumia kwa viungo vinavyouma, muundi uliovunjika hauna shida nayo. Kolajeni? Ukiimeza tumbo linaivunja vunja kama protini nyingine yoyote, haiendi moja kwa moja kwenye ufa wa mfupa. Unga wa protini hakuukataa. Alitueleza utafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, uliochapishwa mwaka 2013: wagonjwa waliobadilishiwa goti walipewa gramu 20 za asidi amino muhimu mara mbili kwa siku, wiki moja kabla ya upasuaji na wiki mbili baada yake, na misuli yao ya paja ilisinyaa kidogo sana kuliko ya wenzao waliopewa kitu kisicho na nguvu. Kwa hiyo kwa mtu asiye na hamu ya kula, unga una kazi yake. Mwenye hamu akale mayai.

Ile dawa ya mimea ndiyo iliyomkunja uso daktari mwenyewe. Nilikuwa bado nachoma sindano za kuzuia damu isigande, na vitu vingi vya asili, hata vidonge vya kitunguu saumu, vinaweza kuzidisha nguvu ya dawa hizo mpaka mtu akatoka damu. Sembuse kitu ambacho hujui ndani kuna nini? Akasema chochote ninachotaka kumeza nimuonyeshe kwanza. Kisha akanipima damu. Vitamini D ilikuwa chini, na wekundu wa damu pia. Unaishi Dar, jua la bure mwaka mzima, halafu unakosa vitamini D! Lakini fikiria: asubuhi kwenye gari, mchana ofisini na kiyoyozi, jioni giza, na ngozi nyeusi inahitaji jua la muda mrefu zaidi. Nikaandikiwa vidonge vya vitamini D, kalsiamu na madini ya chuma. Vyote duka la dawa havikufika 40,000.

Hapa kuna ujanja ambao wengi hawaambiwi. Kalsiamu na madini ya chuma usivimeze pamoja, vinagombania mlango mmoja. Chai nayo inazuia madini ya chuma, kwa hiyo isogeze saa moja au mbili mbali na mlo. Vitamini C inayasaidia kuingia, tena mwili unaitumia kutengeneza kolajeni yake wenyewe. Pera lina vitamini C zaidi ya mara tatu ya chungwa la uzito uleule. Na choo kigumu kitakukuta, kwa sababu dawa kali za maumivu na vidonge vya chuma vyote vinafunga. Papai na maji mengi, usione aibu kumwambia mumeo akununulie.

Kaka zangu mnaovuta sigara, kwenu habari ni fupi: moshi unachelewesha mfupa kuunga. Ukiacha, umejipa dawa ambayo hakuna kopo linaloiuza.

Mtihani wa pili ulifika kwa basi kutoka Moshi. Mama mkwe, na ndizi zake, na kilo kadhaa za makongoro. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mguu huu tutauunga kwa supu." Sasa mimi najua kwamba supu ile protini yake ni pungufu, inakosa baadhi ya vitu ambavyo yai linavyo, na kalsiamu inayotoka kwenye mfupa kuingia kwenye maji ni kidogo mno. Nimwambie mama wa watu hivyo, baada ya safari yote ile? Thubutu! Nikamwambia, "Mama, supu yako ndiyo inayonirudishia hamu ya kula. Naomba unipikie na mtori, unijazie nyama." Alifurahi hadi akaanza kuimba jikoni. Ndimu nilikamua mwenyewe mezani, maana ikichemka vitamini C yake inapungua.

Kwa mume wangu haikuwa rahisi hivyo. Usiku ule baada ya kliniki alikaa kimya muda mrefu. Nikamuuliza trei ya mayai ni bei gani, akasema 9,000. Tukagawanya 385,000: trei zaidi ya 40! Akacheka, halafu akalia. Nililia naye. Jamaa wa ofisini alikubali kurudisha hela za maboksi mawili ambayo hayakufunguliwa, mengine tukayaandika hasara. Unga wa protini niliutia kwenye uji mpaka ukaisha.

Tangu hapo kazi yake ikawa mayai ya asubuhi. Kabla ya hapo hakuwahi kupika hata chai. Mfupa wa muundi mara nyingi huchukua miezi minne hadi sita, na wala supu wala kopo haliukimbizi. Picha ya wiki ya 12 ilionyesha mfupa mpya umeanza kufunga ufa, nikaruhusiwa kuacha gongo moja. Awamu ya mwisho ya kiwanja tulilipa Desemba 2023, mwezi mmoja nyuma ya ratiba. Paja la kulia lilikuwa bado jembamba kwa sentimita mbili, na kila Jumapili jioni alilipima kwa futi kamba ya fundi cherehani, akaandika namba kwenye kalenda ya ukutani, pembeni ya bei ya mayai.