Kabla hujanunua kompyuta ya gari

Nikuulize: ni lini mara ya mwisho ulihakikisha kwamba taa za breki za gari lako zinawaka?

Usiseme "nafikiri zinawaka." Ukiwa ndani huzioni. Anayeziona ni yule wa nyuma yako, na siku zisipowaka hakupigii simu.

Wengine wenu mnajua kwamba kabla ya uchungaji nilikuwa fundi wa umeme wa magari. Juzi dada mmoja akanijia. Toyota yake, iliyoagizwa Japani ikiwa imetumika, ilikuwa imekataa kruzi kontroli, ule mtambo unaoshikilia mwendo bila wewe kukanyaga mafuta. Taa yake kwenye dashibodi ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Gereji moja ilimwambia kompyuta ya gari imekufa, atafute nyingine. Tayari alikuwa ameomba mkopo kwa chama.

Nikamwambia, "Dada, kanyaga breki." Nikasimama nyuma ya gari. Giza. Hata ile taa ya tatu ya juu. Na mama huyu huteremka Mai Mahiu na watoto wake, malori yakimfuata.

Sasa sikiliza. Juu ya pedali ya breki kuna swichi ndogo, na katika magari mengi ina njia mbili za umeme. Ukikanyaga, njia moja inapeleka umeme kwenye taa za nyuma, nyingine inakata umeme wa kruzi ili gari liache kushikilia mwendo. Kompyuta inasikiliza zote mbili. Zikitoa habari zinazopingana, inafunga kruzi. Haijafa, mpendwa. Inakataa kukimbiza gari ambalo haina hakika nalo kuhusu breki.

Kwa huyu dada, fyuzi ya taa za breki ilikuwa imeungua. Nikaweka nyingine ya kiwango kilekile, akakanyaga, ikaungua papo hapo. Hapo ndipo wengine huweka fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya. Tafadhali usikubali! Fyuzi ikiungua tena, kuna waya unagusa bodi mahali. Tuliupata kwenye bawaba za mlango wa nyuma, pale nyaya hujikunja kila mlango unapofunguliwa. Umechubuka hadi shaba inaonekana. Tuliunga, tukafunga tepu, kruzi ikarudi. Na taa pia.

Kwa hiyo mwambie fundi wako aanze na taa, kisha fyuzi, kisha apime swichi kwa mita, pedali ikiwa juu na ikiwa chini. Umeme wa betri, kama volti 12, uonekane na kupotea kwa zamu kwenye njia zote mbili. Na msijaribu kruzi kwenye msongamano wa Thika Road. Toyota nyingi haziikubali chini ya takriban kilomita 40 kwa saa, hata zikiwa nzima.

Taa zikiwa sawa lakini honi nayo imekufa na taa ya eabegi inawaka, shuku waya uliojikunja ndani ya usukani. Hiyo si kazi ya kujaribia nyumbani. Betri itolewe waya kwanza, na kwa Toyota fundi asubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote, maana eabegi inaweza kulipuka usoni pake.